Sebule ya futi 10 kwa 11: tununue TV ya inchi ngapi?

"Shikamoo fundi. Tunaishi chumba na sebule Mbagala: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Sebule ni futi 10 kwa 11. TV yetu ya inchi 24 iligoma mwezi uliopita, sauti inatoka ila picha hakuna. Kwenye kikoba nimepata laki saba na nusu. Mume wangu anataka inchi 55 hata ikibidi tukope, anasema siku hizi kila mtu anayo. Mimi naona 32 inatosha kwa sababu chumba ni kidogo, na jirani yetu ambaye ni mwalimu ameniambia TV kubwa kwenye chumba kidogo inaua macho ya watoto kwa mionzi. Muuzaji mmoja Kariakoo naye anasema tukinunua isiyo 4K tutajuta. Sisi tunaangalia king'amuzi zaidi, tamthilia na mpira, na YouTube kidogo kwa bando la simu. Meza ya TV ni ya seremala, upana sentimita 90. Sofa zimekaa kwa herufi L na dirisha liko nyuma ya sofa kubwa. Tununue ipi? Na ile ya zamani niitupe?"

Marahaba, binti yangu. Umeuliza vizuri kwa sababu umenipa vipimo. Watu wengi hunipigia simu na neno moja tu, "fundi, TV gani nzuri?", nami hubaki nashangaa nianzie wapi.

Jibu fupi ni inchi 43. Kama sebule hiyo ingekuwa yangu, ndiyo ningeibeba. Lakini usimpelekee mumeo jibu fupi, atasema umejitafutia fundi wa upande wako. Mpelekee sababu, maana katika ubishi wenu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Hata mwalimu anacho, ila chake kimepitwa na wakati.

Tuanze na futi. Watu hupima ukuta, wakiona una nafasi wanaijaza. Wengine kama wewe hupima chumba, wakiona ni kidogo wanataka TV ndogo. Kumbe kinachotakiwa kupimwa ni umbali kutoka kwenye macho yako ukiwa umekaa hadi pale kioo kitakapokuwa. Azima utepe wa fundi cherehani, kaa kwenye sofa kubwa kama unavyokaa saa mbili usiku ukiwa umechoka, mmoja ashike utepe karibu na sikio lako na mwingine auvute hadi mezani. Wakati unatafuta utepe, mimi nimepiga hesabu. Futi 11 ni sentimita 335. Mgongo wa sofa na kichwa chako vinakula kama 50, na meza inakitoa kioo ukutani kama 30. Zinabaki 255. Kama sofa imetazama upande wa futi 10, zinabaki 225. Kwa hiyo mnakaa kati ya mita mbili na robo na mita mbili na nusu. Sivyo ulivyofikiria, eti? Sebule "ndogo" ina umbali wa kutosha tu.

Sasa inchi. Inchi za TV hupimwa mshazari, kutoka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, bila fremu. Inchi 32 ni sentimita 81, 43 ni 109, 50 ni 127, na 55 ni 140. Wanaopanga kumbi na vyumba vya sinema hupenda picha ijaze pembe ya digrii 30 hivi mbele ya macho, na hiyo unaipata ukikaa umbali wa mshazari mara 1.6. Zidisha 140 kwa 1.6 unapata 224. Yaani kwa filamu safi, yenye picha kali, 55 mbele ya sofa yenu ingekaa sawasawa kabisa. Mwambie mumeo kwamba fundi amesema hivyo, atafurahi, na baada ya hapo atasikiliza yanayofuata.

Yanayofuata ni kwamba ninyi hamtazami sinema. Mnatazama king'amuzi.

Jicho lina kikomo. Jicho zima hutenganisha mistari miwili ikiwa pembe kati yake haipungui sehemu moja ya sitini ya digrii. Hiyo ni lugha ya vitabu, jaribu hii nyumbani: chukua karatasi, chora mistari myeusi yenye unene wa milimita moja, na kati yao uache nafasi nyeupe za milimita moja. Mpe mwanao mkubwa aishike karatasi, wewe rudi nyuma polepole hadi nje mlangoni. Ukifika mita tatu na nusu hivi, mistari itaanza kuungana na kuwa kijivu. Kikomo chako ni hapo. Picha ya TV nayo imejengwa kwa mistari ya nukta ndogondogo: nukta kubwa zaidi unaiona kutoka mbali zaidi, nukta ndogo inapotea mapema.

Chaneli nyingi za ving'amuzi, zile zisizoandikwa HD (yaani picha yenye mistari mingi zaidi), zinatumwa kwa mistari 576 tu kutoka juu hadi chini. Idadi hiyo haibadiliki hata ukinunua TV ya ukubwa wa mlango. Kwenye kioo cha 32, kila mstari unapata nafasi ya milimita 0.7, na ukiwa mita 2.4 jicho haliuoni, ndiyo maana picha ya 32 huonekana kali. Kwenye 43 kila mstari unakaribia milimita moja, na kwenye 55 unafika milimita 1.2. Ili mistari hiyo iungane vizuri kwenye 55 ungehitaji kukaa mita nne, yaani sofa ihamie kwa jirani. Ongeza na jambo jingine: wenye ving'amuzi hubana chaneli nyingi kwenye masafa mamoja ili zitoshe, na picha iliyobanwa inavunjika pale kitu kinapokimbia. Kwenye 24 yako hukuwahi kuyaona hayo. Kwenye 55, siku ya Simba na Yanga, kwa chaneli isiyo HD, majani ya uwanja yatakuwa uji wa kijani, na zile sura za tamthilia za Kituruki zitaonekana kama zimefuliwa kwa jiki.

Utaniuliza, kama ni hivyo si tununue 32 tumalize? Ningekubali kama ungekuwa unakaa peke yako na unatazama chaneli za kawaida tu. Lakini kwenye mita 2.4, inchi 32 iko mbali mara tatu ya mshazari wake. Mama mkwe hatasoma yale maandishi yanayopita chini wakati wa taarifa ya habari, na wewe utakuwa msomaji wake kila siku saa mbili usiku. Matokeo na dakika za mpira kule konani mtakuwa mnaulizana. Na chaneli za HD zinaongezeka, TV mnayonunua leo mtakaa nayo miaka mitano au sita. Hiyo 43 ipo katikati: chaneli za kawaida zinakuwa laini kidogo lakini zinavumilika, za HD zinakuwa kali, na watu watano wanaona. Kama mumeo atakataa kabisa 43, ya 50 naikubali kwa shingo upande, mkijua picha ya chaneli za kawaida itashuka.

Kabla hujanunua chochote, geuza king'amuzi chako utazame nyuma. Je, kimeunganishwa kwa zile nyaya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano? Waya wa njano hauwezi kubeba picha ya HD hata king'amuzi kiwe cha HD na TV iwe ya milioni tatu. Mwaka juzi niliitwa Tandika na mtu aliyekuwa tayari kurudisha TV ya inchi 50 dukani kwa hasira, anasema ameuziwa feki, picha ina ukungu. Nikachungulia nyuma, nikaona njano. Nikatoa waya wa HDMI kwenye begi, ule mmoja unaobeba picha ya HD na sauti pamoja, nikachomeka, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi nikakiweka 1080, yaani HD kamili, dakika tano kazi imekwisha. Nyumba nzima ikanyamaza inatazama. Niliona haya kudai hela ya ufundi, nikachukua nauli na bei ya waya. Kwa hiyo katika laki saba na nusu yako, tenga hela ya waya wa HDMI. Ni hela ndogo.

Nije kwa macho ya watoto, maana najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Hofu ya mwalimu ina asili ya kweli. Mwaka 1967 huko Marekani iligundulika kwamba televisheni kadhaa za rangi zilikuwa zinatoa eksirei kupita kiasi kwa sababu ya hitilafu ya kiwandani, wakashauriwa watu wakae mbali nazo, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme. Ushauri ule wa "kaa mbali na TV" ukasambaa dunia nzima, ukarithiwa na wazazi hadi kwa wajukuu. Lakini zile zilikuwa TV za chogo, zenye mrija wa kioo ndani na umeme wa volti zaidi ya elfu ishirini unaorusha elektroni mbele. TV za leo hazina mrija huo. Kinachowaka nyuma ya kioo ni taa ndogo za LED, ndugu wa taa ya tochi ya simu yako. Hakuna eksirei ya kutoka, iwe inchi 24 au 85.

Kinachotokea ni macho kuchoka. Mtu akikodolea kioo hupepesa macho mara chache, yanakauka, yanawasha, kichwa kinauma. Dawa yake ni kupumzika kila baada ya muda na kutazama mbali, kutotazama gizani kabisa, na kupunguza mwanga wa TV, maana dukani huwa imewekwa mwanga wa kushindana na taa za duka. Watoto watoke nje wacheze mchana. Kucheza nje kwenye mwanga wa jua husaidia kupunguza uwezekano wa mtoto kuwa na macho yasiyoona mbali.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kama mtoto wako mmoja ana tabia ya kusogea hadi kwenye kioo, au anafinya macho, au anainamisha kichwa upande mmoja akitazama, usimkaripie tu kwamba anajiua macho. Huenda amesogea kwa sababu kutoka kwenye sofa haoni. TV haikumsababishia, imemfichua. Mpeleke kliniki ya macho apimwe, na mwulize mwalimu wake kama ubaoni anaona. Hilo si la fundi TV.

Hatari ya TV kwa mtoto mdogo ni kuangukiwa. Inchi 43 ina kilo saba, nane hivi, imesimama kwenye miguu miwili myembamba. Mtoto akivuta waya au akipanda droo ya meza, inamshukia. Nunua mkanda wa kuifungia ukutani au uifunge kwa kamba imara kwenye msumari, nyuma ina matundu ya skrubu.

Na miguu hiyo ndiyo inayotupeleka kwa meza ya seremala. Zamani TV ilikuwa na mguu mmoja katikati. Siku hizi miguu iko pembeni kabisa. Ukitaka kujua kama itakaa mezani, usipime upana wa TV, pima kutoka mguu hadi mguu. Nyingi za 43 zina upana wa sentimita 95 au zaidi kidogo, na miguu huachana kati ya 70 na 85, kwa hiyo kwenye meza ya 90 inaingia kwa kubana. Nyingi za 55 miguu yake huachana zaidi ya mita moja. Mngelazimika kununua meza nyingine, au kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Umeshamwuliza kuhusu kutoboa? Wengine hukata hela kwenye dhamana ya pango siku ya kuhama kwa ajili ya matundu manne.

Mkitoboa, basi msiipandishe darini kama ya baa. Baa wanaiweka juu kwa sababu watu wamesimama na wanapita. Ninyi mmekaa. Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyekaa, sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Nimeona sebule nzuri kabisa, TV iko juu ya mlango, na baba mwenye nyumba anatembea na mafuta ya kuchua shingo.

Sofa za herufi L ni jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Vioo vya TV hizi viko vya aina mbili kubwa. Kuna vinavyotoa weusi mzito ukikaa mbele, lakini ukikaa pembeni rangi zinafifia kama kanga iliyofuliwa sana. Na kuna vinavyobaki na rangi zake hata pembeni, ila usiku weusi wake ni kama kijivu. Kwenu, nani anakaa kwenye mkono wa L? Kama ni mama mkwe, chukua ya pili. Huna haja ya kujua majina ya vioo. Dukani omba wawashe, simama mbele, kisha tembea hadi pembeni kabisa huku unatazama sura ya mtu kwenye picha. Ikipauka, umeshajua. Linganisha na ya pembeni yake.

Dirisha likiwa nyuma ya sofa litaonekana ndani ya TV kila alasiri, na mwenye kioo king'aavu kama cha simu ataona mapazia kuliko tamthilia. Pazia zito linatosha. Kama mnaweza kuhamisha meza ili dirisha libaki ubavuni, bora zaidi.

Muuzaji wa 4K sasa, ile picha yenye nukta nyingi kuliko ya HD. Ukweli wake ni nusu. Picha ya HD kamili, ile ya 1080, kwenye kioo cha 43 ina nukta za nusu milimita. Rudi kwenye karatasi yetu: nusu milimita inapotea machoni ukiwa mita 1.7. Ninyi mko mita 2.25 na zaidi. Kwa hiyo nukta za HD kamili tayari hamzioni, na nukta za 4K ambazo ni ndogo mara mbili kwa upana ndiyo kabisa. Tena chaneli zenu za king'amuzi hazitumwi kwa 4K, na bando la simu halitawaruhusu: saa moja ya video ya 4K inaweza kula GB 7, wakati HD hula kati ya GB 1 na 3. Nusu yake ya ukweli ni hii: watengenezaji siku hizi huweka vioo vyao bora kwenye TV za 4K, na kwenye inchi 43 tofauti ya bei wakati mwingine ni ndogo. Ukikuta zinakaribiana na ya 4K ina rangi nzuri zaidi pembeni, ichukue kwa ajili ya rangi. Kukopa kwa ajili ya 4K, hapana. Wala kukopa kwa ajili ya inchi 12 za nyongeza, na hili naomba nisilifafanue, wewe na kikoba chako mnaelewana.

Kuhusu usmati, yaani TV kuingia intaneti yenyewe, hakikisha YouTube inafunguka mbele yako dukani kwa intaneti ya simu yako mwenyewe, si kwa video ya maonyesho iliyo kwenye flashi. Zipo TV zilizoandikwa Android kwa maandishi makubwa ambazo hazikuidhinishwa, programu zake zinaacha kufanya kazi baada ya miezi michache na hakuna wa kuzisasisha. Nyumbani, weka YouTube kwenye ubora wa picha wa 480 badala ya kuiacha ijichagulie, utaona bando linavyotulia. Sauti sina la kusema: kwa futi kumi, spika za TV zinatosha.

Umeme je? 43 hula wati 60 hadi 80 hivi, 55 wati 100 na zaidi. Kwa saa sita kwa siku tofauti inaweza kufika uniti saba kwa mwezi. Si nyingi, lakini kama mita yenu iko kwenye ile bei nafuu ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na mna friji na feni, uniti saba zinaweza kuwavusha mpaka.

Kinachoua TV mtaani kwetu ni umeme kurudi. TV yenyewe inavumilia umeme mdogo, nyingi hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Ila umeme unaporudi kwa kishindo, au nyutro ya mtaa inapokatika, volti zinaweza kupanda hadi kuelekea 400. Utajua: taa zinawaka kupita kawaida, feni inakimbia kama ina wazimu. Zima swichi kuu hapohapo, pigia simu shirika la umeme. Nunua gadi yenye kuchelewesha dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, na iwe ya kweli, uisikie ikibofya. Radi ni habari nyingine, gadi haiizuii. Mawingu yakifunga, chomoa plagi, na chomoa pia waya wa dishi kwenye king'amuzi, maana radi hupenda kuingilia dishini, ikapita king'amuzi, ikaingia kwenye TV kwa HDMI. Wengi huchomoa plagi tu halafu wanashangaa. Na kama ukigusa king'amuzi au waya wa dishi unasikia mtetemo kwenye vidole, usizoee. Mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie athi ya nyumba.

Siku ya kwenda dukani, nendeni wawili, mchana, na ule utepe. Boksi lifunguliwe mbele yenu. Kioo cha 43 kina upana wa sentimita 95 na kimo cha 53 na nusu. Pima kioo chenyewe. Nimewahi kushika boksi lenye namba 43 kwenye jina la modeli, ndani kioo ni cha 40, na muuzaji akaniambia "hiyo ni namba tu, mzee". Weka picha nyeupe tupu kwa flashi, tafuta nukta nyeusi na madoa, kisha picha nyeusi, tazama kona kama mwanga unavuja. Hesabu matundu ya HDMI, yawe mawili au zaidi. Jaribu rimoti. Dai risiti ya EFD, na kwenye waranti waandike namba ya TV na wagonge muhuri, tena uulize ikiharibika unaipeleka wapi: hapo dukani, au utaambiwa uitafute kampuni?

Kubeba: isilazwe. Kioo kikilala kwenye barabara zetu kinapasuka bila alama yoyote kwenye boksi, na waranti haigusi kioo kilichopasuka. Isimame wima kwenye bajaji, kati yenu wawili. Bodaboda ya Mbagala na TV mgongoni, sitaki hata kuisikia. Boksi lihifadhi wiki mbili.

Ile ya 24 usiitupe. Sauti ipo, picha hakuna: mara nyingi hizo ni taa za nyuma. Zimepangwa mfululizo kama taa za Krismasi, moja ikiungua zote zinazima, lakini kioo mbele bado kinachora picha gizani. Usiku zima taa za sebule, washa TV kwenye chaneli yoyote, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu, ukiinamisha. Ukiona vivuli vya watu vinatembea ndani, ni taa, na fundi anazibadilisha. Mwambie abadilishe zote, asirukie ile moja iliyoungua, na baada ya hapo mwanga uwekwe kwenye 60 badala ya 100 ili zidumu. Hakikisha anakutajia bei kabla hajafungua. Usipoona kitu hata kwa tochi, tatizo liko kwingine, labda kwenye bodi au kwenye kioo chenyewe, ipeleke ikaguliwe. Ikishindikana kabisa, bado vipuri vyake vina mnunuzi. Ila msiifungue wenyewe hapo nyumbani: ndani kuna kapasita inayoweza kubaki na volti zaidi ya mia tatu hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama mumeo ana bisibisi, ifiche.